Kadi ya Simba Asiyelala

Dukani walimwita Profesa kwa kumkejeli, maana chuo alikiacha mwaka wa pili na alichotoka nacho ni mdomo tu. Alitoa fotokopi na kuchapa kadi za majina ya watoto wa kiume: jina juu, asili katikati, maana chini, kisha anazitia plastiki. Jina asilolijua, alilitungia maana. Nani angemkamata?

Asubuhi moja dada yake aliingia na kadi ya mwanawe, iliyochapwa miaka tisa nyuma.

"Mwalimu kataka Jumatatu kila mtoto aeleze jina lake limetoka wapi. Hapa umeandika 'simba asiyelala'. Kwa lugha gani?"

"Ya zamani, dada."

"Ya zamani ya nani? Usinichezee, mimi si mteja."

Profesa akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Jina lile lilitolewa na baba mkwe wa dada, mzee aliyekaa nyumba ya tatu kutoka dukani. Dada alikuwa amemtuma: nenda kamuulize, uandike vizuri. Nyumba ya tatu tu! Akaona uvivu, akaandika simba, akacheka peke yake. Kadi ikatundikwa sebuleni, na kwa kuwa jibu liko ukutani, hakuna aliyemuuliza mzee tena. Mwenyewe macho yalishaingia ukungu, hakuweza kuisoma.

"Sikwenda," alisema.

"Hukwenda wapi?"

"Kwa mzee. Nilitunga."

Dada akakaa taratibu kwenye kiti cha wateja. "Mwanangu akiogopa giza namwambia nyamaza, wewe simba. Miaka yote hii! Na mzee ndiyo tumeshamzika."

"Shemeji hajui?"

"Ajulie wapi? Kasoma kadi yako, kama sisi."

Kuna jambo Profesa hakumwambia. Siku moja mzee aliegemea kaunta hiyo hiyo, akasema, "Msomi, ukipata nafasi nikusimulie jina la mjukuu wangu." Yeye akamwekea mende wa mpira kiganjani. Mzee akaruka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Haya, kesho basi, mtundu wewe." Kesho yake alikuja kweli, akasimama kidogo pale mlangoni. Profesa akampungia mkono: foleni, mzee wangu, si unaona?

Mende bado alikuwepo, kando ya stepla. Profesa akamtupa kwenye pipa la taka, akageukia kompyuta. Alichapa, akafuta, akachapa tena. Printa ikakoroma, ikatema kadi. Dada akaisoma kwa sauti:

"Asili: babu yake. Maana: babu alitaka kuisema, mjomba hakumsikiliza."

Akairudia kimoyomoyo. Profesa alingoja matusi, angeyapokea yote.

"Itie plastiki," dada alisema, akinyanyuka. "Na Jumatatu utakwenda naye shule wewe, ukawasomee."