Ndoa Iliyongoja Lori

Leonardi hakuwa na ugomvi na ndoa. Aliipenda sana, ndiyo maana hakutaka kuiharakisha.

Rozalia alikuwa amemzalia watoto na kumwanikia dagaa miaka yote hiyo. Lakini kila Jumapili, kanisani Mwandiga, wenzake wakiinuka kwenda kupokea komunyo, yeye alibaki kwenye benchi akitazama visigino vyao. Kanisa lilitaka ndoa kwanza. Leonardi naye alitaka kwanza mwezi ukae vizuri. Wakati wa giza, dagaa wanavuliwa. Mbalamwezi ikitoka, nyavu zinashonwa. Katikati hapo inaingia Kwaresima, na Kwaresima hakuna harusi. Alivyoiheshimu Kwaresima yule bwana, ungedhani ni askofu. Padre Dismasi alikwishatangaza ndoa yao mara nyingi, mpaka watoto wakawa wanaitangaza wenyewe wakicheza.

"Mke wangu, mwaka huu hauishi!" aliapa. Ukaisha.

Ndipo ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Asubuhi lori likasimama kitongojini kwetu kando ya ziwa, na kabla ya adhuhuri mtu aliyeshindwa miaka yote kusogea hadi altareni alikuwa juu ya lori na kitanda chake, mlango wake, kuku wake na sisi majirani. Tulikuwa tunapelekwa Kidahwe, ambako hakuna hata dimbwi la kuvulia dagaa.

Pale Mwandiga dereva akasimama misheni kuomba maji ya injini. Rozalia akashuka, akaketi kwenye ngazi za kanisa.

"Mama Antoni, panda! Tunachelewa!" Leonardi akaita.

"Kuchelewa? Leo ndiyo umekujua?" Rozalia hakupandisha hata sauti. "Serikali imekuhamisha asubuhi moja, wewe na mlango wako. Mimi siondoki hapa mpaka nipokee. Nenda ukajenge na kuku."

"Sina suti!"

"Vua hayo mabuti, inatosha," akadakia jirani yetu Eufrasia, juu ya magunia.

"Jamani, lori la serikali haliwezi kungoja!"

Dereva akazima injini. "Linaweza, bwana harusi."

Padre akaja. Rozalia aliungama upesi. Leonardi aliungama mpaka kuku mmoja akataga huku nyuma. Alipoulizwa kama anakubali, akatupa macho dirishani, kwa mazoea, kuutafuta mwezi. Akakuta jua la mchana.

"Ego," akasema kwa Kiha. Ndiyo.

Rozalia akapokea wa kwanza, hakuna kisigino mbele yake. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu kuamka, kama impasavyo anayekwenda kupokea komunyo. Kumbe alijua lori litapita wapi.

Tulipoondoka, Leonardi akasimama kati ya vitanda kutuhubiria. "Vijana, mambo ya Mungu hayaahirishwi! Mimi nilikuwa nangoja usafiri tu."

Tulicheka wote, isipokuwa Rozalia. Yeye alikuwa amefumba macho, mkono kifuani, kama mtu aliyeshiba.