Vibati vya Hyacinthe

Mkono wa Hyacinthe ulipaswa kuamka jioni ileile ya upasuaji. Wiki imepita, bado umelala.

Mtaa mzima wa Kilibula ulihamia wodini, na masufuria ya ugali na visamaki vya ndagala mpaka kwenye kitanda cha jirani. Hyacinthe ndiye fundi wao wa simu. Nani angebaki nyumbani? Alianguka na pikipiki, akavunjika kifundo cha mkono. Kwa kuwa kifua chake ni kibovu, hawakumlaza usingizi yeye. Waliulaza mkono peke yake, kwa sindano ya ganzi kwapani.

"Yaya, mukono uliukodisha kwa nani?" Modeste, mdogo wake, akatania. Wakacheka.

Hyacinthe aliuinua mkono wa kuume kwa ule wa kushoto, akauachia. Ukaanguka pu!

"Ni ule Uwamahoro wa Rurambo, kule milimani kwa bafugaji, aliyemudunga ile sindano," alisema Mapendo, mkewe. "Ganzi alijifunzia wapi, kwa ng'ombe?"

"Minye mwenyewe nilisema!" Olga, jirani yao, akadakia. "Bale ba kule juu si benzetu! Twende atuambie alimutia nini."

"Ni mashine," Hyacinthe akasema.

"Mashine gani tena?"

Ile ya kutafutia mshipa wa fahamu. Inapeleka umeme kidogo kwenye sindano. Sindano ikikaribia mshipa, vidole vinaruka, na mwenye kudunga anasimama. Vya Hyacinthe havikuruka. Jenereta ya hospitali iliponguruma, namba zilicheza ovyo. Uwamahoro aliigonga mashine, akasukuma sindano kidogo, tena kidogo. Hyacinthe aliona yote, na mashine aliijua. Mwaka jana ilipoharibika, aliitengeneza mwenyewe.

Mafundi wa mtaa wote wanafanya hivyo: wanang'oa kibati kinachofunika ile sahani ya kijani ya ndani, wanachomea panapouma, kibati wanakitupa kwenye kopo. Kukirudisha ni kazi, na simu inapiga vilevile. Kumbe kibati ndicho kinachozuia umeme wa nje usiivuruge sahani. Hilo alilielewa juu ya meza ya upasuaji, sindano ikiwa imekwisha kuuchoma mshipa.

"Minye nilitoa kibati. Yule mama hana kosa. Mumuache."

Wakatazamana. Modeste akaangua kicheko. "Dawa ya maumivu inamupanda kichwa, masikini!"

Mapendo akampangusa jasho. "Pumuzika, baba Vainqueur. Weye na roho yako nzuri."

"Lete kopo, Mapendo! Iko chini ya meza ya kazi! Kibati iko mule!"

"Ndiyo, ndiyo. Tutaleta."

Olga alikwishafika mlangoni. Wengine wakamfuata, Modeste bado anatafuna, Mapendo akijifunga kitenge kiunoni. Chumba kikabaki na masufuria tu.

Hyacinthe akajaribu kuinuka awawahi. Mkono ukaning'inia, ukamvuta upande, akaanguka sakafuni. Kutoka koridoni alisikia jina la Uwamahoro likipigiwa kelele, na sauti ya mwanamke ikijibu, ikijibu, kisha haikujibu tena.