Sinia Lililorusha Jua

Babu yake Mize alipofariki, mimi nilikaa eda katika chumba cha uani, hapa Gando. Ulikuwa msimu wa karafuu. Ua mzima umejaa wachambuzi wa karafuu, wanaume kwa wanawake, na mwenye eda hajitokezi mbele ya wanaume wasio maharimu wake. Nikabaki ndani na juzuu yangu ya Kurani. Wenzangu walikwisha kusoma zao, na dua ya khitma ya marehemu ni baada ya Alasiri. Imebaki yangu tu. Umeme nao umekatika, dirisha dogo kama tundu la njiwa, na macho yangu ndiyo haya.

"Bibi, mbona husomi?" Mize aliniuliza. Alikuwa darasa la kwanza.

"Herufi zimekuwa sisimizi, mjukuu wangu. Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu huingia, hodi hapigi, viatu havui."

"Jua!" Akainuka. "Basi nitakuletea. Mwalimu katufundisha kulirusha kwa kioo."

Akakimbilia kioo cha ukumbini, kilichogeuzwa uso ukutani. Shangazi yake, Mwatum, akamdaka.

"We mtoto! Nyumba ina eda, kioo wakipeleka wapi? Harusini?"

Kwetu mwenye eda hajitazami kwenye kioo. Mize akarudi kanuna.

"Kioo basi," nikamwambia. "Tuna nini kingine king'aacho?"

Mara nikasikia sufuria zinaporomoka jikoni. Akatoka na sinia la wali, akalisugua kwa majivu na makumbi ya nazi, akaenda kusimama nje ya dirisha langu na kulielekeza juani.

Mwanga ukanipiga usoni.

"Wee! Wanipofua!"

"Mize, wamkaanga bibi yako?" akasema Jecha, mmoja wa wachambuzi, na ua mzima ukacheka.

Mwanga ukashuka kwenye juzuu, ukitapatapa kama dagaa. Ukurasa ukameremeta hata herufi zikazidi kupotea.

"Mkali mno, mwanangu. Utupe ukutani, penye chokaa."

Ukapanda nyuma ya bega langu. Ule ukuta mweupe ukaupokea, ukaumwaga chumbani kote, laini. Herufi zikarudi mahali pake. Nikasoma.

Lakini jua halitulii. Kila likisogea, mwanga huteleza kwenda mlangoni.

"Kushoto kidogo!"

"Kushoto kwako au kwangu, Bibi?"

Tukabishana, maana tumetazamana, kushoto kwake ni kulia kwangu. Mwisho akaacha kuniuliza. Akawa autazama mwanga wenyewe ukutani, na kuugeuza kwa mikono yake.

Nilifika aya ya mwisho kabla ya adhana. Nikafunga juzuu, nikainua mikono, nikamwombea mume wangu kwa sauti ili mtoto alisikie jina la babu yake.

"Amin!" akaitikia Mize huko nje, naye akainua mikono yote miwili.

Sinia likaanguka jamvini juu ya karafuu, kwa kishindo, na chumba kikawa kiza.