Injini ya Gari la Wagonjwa la Lwamabuye

Jumatatu saa tatu asubuhi watu sita waliisukuma pikapu ya Valerian hadi gereji ya Akida, pembeni ya barabara ya Nyarugusu. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye usukani na miwani yake ya jua. Ilikuwa pikapu nyeupe, imeinuliwa mpaka abiria wakawekewa ngazi, ina taa kumi na mbili mbele na mabomba mawili ya moshi nyuma. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa nguvu. Injini yake ilikula oili kama mlevi, na moshi wake wa bluu ulikuwa umeshawahamisha kuku wa majirani.

Akida ni fundi wa kutoka Tinde, mtu asiyetoa neno kabla hajafuta mikono. Alifungua boneti, akasikiliza, akafuta mikono.

"Ringi zimekwisha, silinda zimelika. Njia ni mbili. Tuifumue tuisuke upya, hiyo ni wiki tatu, vifaa vinatoka Mwanza. Au tuitoe, tufunge nyingine."

"Jumamosi nashindana na Eliya," Valerian alisema.

Valerian ni broka wa dhahabu. Kila Jumamosi yeye na mabroka wenzake hukimbizana kwa magari kutoka Nyarugusu hadi Geita mjini, na anayefika wa kwanza hapati kitu, ila huwasubiri wenzake hotelini akiwa ameshaagiza supu. Kwa ajili ya supu hiyo Valerian amegonga mbuzi wanne na ukingo wa daraja. Huyu huyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya Lwamabuye. Kijiji kilimkabidhi fisi bucha, kisha kikapiga makofi.

Zahanati ilikuwa na gari la wagonjwa. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya choo mwaka wa pili sasa, kwa sababu matairi yalikwisha na barua ya kuomba mengine bado ilikuwa inajadiliwa. Injini yake ilikuwa nzima, silinda sita. Jumanne kamati ilikaa dakika ishirini. Muhtasari unasema kwamba injini isiyotembea huharibika, na kwa hiyo imeazimiwa injini ya gari la wagonjwa ihifadhiwe ndani ya gari linalotembea. Paskazia, muuguzi wa zahanati, aliuliza ni gari lipi. Akaambiwa swali lake litajadiliwa kwenye mengineyo, na kwenye mengineyo wajumbe wakajadili soda.

Alhamisi Akida aliifunga kwenye pikapu ya Valerian na kuiongezea tabo ya kuipa kasi. Jumamosi Valerian alikuwa amemwacha Eliya kilomita mbili nyuma pikapu ilipokata kona yenyewe, ikaingia njia ya ng'ombe, ikapita kando ya mihogo na kusimama mbele ya nyumba ya Monika, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameshikilia nguzo ya mlango kwa uchungu. Valerian alikanyaga mafuta, akabadilisha gia, akatukana. Injini iliunguruma taratibu, inasubiri. Mama mkwe wa Monika alitoka na beseni, khanga na chupa ya chai, akampandisha mkwewe nyuma.

"Asante, baba," alimwambia Valerian. "Kwenye mashimo twende polepole."

Kwenye mashimo pikapu ilikwenda polepole. Ilisimama mbele ya wodi ya wazazi Geita na haikumtii mwenyewe mpaka Monika alipopokelewa. Eliya alikuwa ameshamaliza supu.

"Umenifungia injini mbovu," Valerian alimwambia Akida Jumatatu.

Akida alisikiliza, akafuta mikono. "Nzima. Inafanya kazi yake."

"Kazi yake ni kwenda ninakotaka mimi."

"Hiyo sio kazi ya injini, mwenyekiti. Hiyo ni kazi ya usukani."

Ndani ya wiki sita pikapu iliwachukua wanawake kumi na mmoja. Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa gari la wagonjwa huchukua wagonjwa. Wanawake waliacha kupiga simu. Walifunga mzigo na kukaa nje ya mlango. Kwenye daftari lake, palipoulizwa usafiri, Paskazia aliandika "upo". Valerian alishindwa Jumamosi tano mfululizo. Alimtaka mwenyekiti wa kitongoji awatangazie wajawazito kwa spika kwamba wasijifungue Jumamosi, na mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hunywa bia za Valerian, akatangaza. Jumamosi iliyofuata walijifungua watatu.

"Njia bado ni mbili," Akida alimwambia. "Tuisuke ile yako ya zamani, hii irudi kwenye gari lake."

Valerian alikuwa ameshapiga simu Kahama. Injini nyingine, yenye tabo ya kiwandani, ilifika Alhamisi.

Siku hiyo hiyo Hosiana, mke wa mchimbaji mmoja aitwaye Fredy, alikuja gerejini na kukuta injini ya zahanati ikining'inia kwenye mnyororo. Alikuwa amebakiza siku chache ajifungue, na tumboni alikuwa na kovu la upasuaji wa mtoto wa kwanza. Paskazia alikuwa amemweleza wazi: zahanati haiwezi kumzalisha, na uchungu ukianza, asipofika Geita mapema, atakufa. Alikaa juu ya tairi.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mayu."

"Hiyo mnayoitoa, irudisheni kwenye gari lake leo. Mimi siku zangu zimefika."

"Itarudi. Lazima kwanza kamati ikae, iipokee."

"Kamati si wewe?"

"Mimi mwenyekiti tu. Wajumbe wawili wamesafiri."

Akida alisema anaweza kuifunga kesho, bure, na matairi ataazima. Valerian alijibu kwamba mali ya umma haishikwi ovyo. Injini ilipelekwa kwenye stoo yake, ikalazwa juu ya matairi manne, mlango ukafungwa kwa kufuli. Waliobeba walikuwa Akida na wenzake. Akida aliona aibu njia nzima, na njia nzima hakuitua.

Jumamosi saa nane mchana injini iliwaka ndani ya stoo. Haikuwa na mafuta wala betri. Mabati yalitetemeka, na kijiji kizima kikajua uchungu wa Hosiana umeanza. Fredy alimpakia kwenye pikipiki, katikati yake na Paskazia. Akida alivunja kufuli kwa nondo, akaita wanaume wanane, wakaibeba injini ikiwa inaunguruma hadi nyuma ya choo cha zahanati, naye akaanza kufunga.

Valerian alikuwa anaongoza. Karibu na Geita aliikuta pikipiki yenye watu watatu inakwenda kwa kusuasua katikati ya barabara. Akaipigia honi impishe.

Saa kumi na nusu, Akida akiwa amebakiza bolti mbili, injini ilizimika mikononi mwake. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Akida alikaa chini, akalia mbele za watu, mikono ikiwa na grisi. Hosiana alikuwa amefia kilomita tisa kabla ya Geita, na mtoto wake tumboni.

Jumatatu kamati ilikaa, wajumbe wote wakiwepo. Walisimama kimya dakika moja. Kisha wakaazimia Akida alipe kufuli, na injini irudishwe stoo na ikazwe kwenye sakafu ya zege isije ikaharibu mabati kwa kutetemeka. Kwenye mengineyo mjumbe mmoja alisema kwamba sauti ya injini hiyo inafika vitongoji vyote, na kwamba ni vijiji vichache vyenye kengele ya uzazi. Valerian akaandikiwa barua ya shukrani kwa kujitolea stoo.

Mpaka leo ipo pale. Ikiwaka, wanawake wa Lwamabuye hutoka nje na kutazamana, waone ni nani hajatoka. Kisha mume wa huyo hutafutiwa pikipiki.