Mvumo wa Aubin

"Mufunge masikio na bidole gumba, bamama," Rosette, mwalimu wa zoezi hili, akasema. "Kinywa nayo mufunge. Sasa muvume sawa nyuki, polepole, mpaka pumzi iishe."

Wanawake waliojaa ukumbi wa kanisa, hapa mjini Baraka, upande wa Kongo, wakaanza kuvuma. Wengine walicheka kwanza, maana si kila siku mtu mzima anaambiwa awe nyuki. Fébronie hakucheka. Aliketi mwishoni mwa benchi, kando ya jirani yake Marthe aliyemburuta hadi hapa, na shaka zake hazijamwisha.

"Haiko ya shetani?" alikuwa amemuuliza Marthe njiani.

"Ingekuwa ya shetani, pasta angetupatia ukumbi? Ilitoka kule Inde, kwa Bahindi. Banasema inashusha tansion, inaleta usingizi, inatuliza roho. We mwenyewe, infirmier alikuambia nini?"

Infirmier, muuguzi wa zahanati, alimwambia kwamba presha imepanda vibaya, na kwamba mtu asiyelala hawezi kupona. Hilo hata yeye alilijua. Tangu mumewe Aubin afariki, usingizi ulimhama. Kila alipojilaza alimsikia. Si maneno. Aubin alikuwa mfugaji nyuki kwao Burundi, na alipofungua mzinga alivuma puani, sauti nzito isiyo na wimbo wowote, eti nyuki wajue aliyekuja ni mtu wa nyumbani. Walipokimbia vita, mizinga ilibaki, ila mazoea yale alivuka nayo ziwa. Alivuma akilima muhogo wa watu, alivuma akifunga kamba za viatu, mpaka Fébronie akamwomba apumzike kidogo, kichwa kinauma. Sasa mume yuko kaburini na mvumo umebaki pale anapolaza kichwa. Alikuwa akikesha kuusikiliza. Hilo hakumwambia infirmier wala mtu mwingine.

Akaziba masikio, akavuma. Fuvu lote likatetemeka, meno yakamtekenya. Tuseme kweli, kulikuwa na raha. Jioni akalirudia zoezi nyumbani, ameketi wima kama Rosette alivyoagiza, kisha akajilaza.

Alipoamka, jua lilikuwa limeshaingia kwa matundu ya bati, na kuku wa Marthe wamemaliza kufukua bustani yake ya mboga za lengalenga. Mwili mwepesi, kichwa hakiumi. Alifurahi, alifurahi sana, hadi alipotega sikio na kukuta kimya.

Akaendelea kuvuma kila jioni, na kila asubuhi kimya kilikuwa kile kile. Infirmier alipomfunga kipimo mkononi alitabasamu. Presha ilikuwa imeshuka.

Rosette akamsimamisha mbele ya wenzake. Hapa mtu akipona lazima atoe ushuhuda, hata kama ni mafua tu yaliyomwacha.

"Mama Fébronie, elezea benzako."

"Nalala," Fébronie akasema. Alitaka kuongeza jambo, machozi yakamtangulia. "Nalala sana."

Ukumbi ukajaa vigelegele. Mmoja akaanzisha pambio, wengine wakainuka kucheza, wakawa wanamkumbatia kwa zamu na kumshukuru Mungu, naye kasimama katikati yao analia kama siku ya mazishi. Marthe peke yake hakuimba.

"Ile machozi haikuwa ya furaha," alimwambia walipofika njia ya kwenda nyumbani.

Fébronie akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Aubin alikuwa anakuja kila nikijilaza. Namusikia anavuma. Tangu nianze hii mambo ya Rosette, hakuna kitu. Nimemufukuza, Marthe. Mi mwenyewe."

"Ukiacha, tansion itakuua."

"Najua."

"Na mi nitabakia na nani?"

Fébronie akamshika mkono. Alimpenda Marthe, na kuishi pia alikupenda. Lakini hamu ya kumsikia mumewe ilikuwa kubwa zaidi, na dawa iliyomfukuza hakuitaka tena.

Juma lililofuata walirudi wote wawili kwenye benchi lao. Rosette akatoa ishara, ukumbi ukaanza kuvuma. Akapita taratibu katikati ya safu, akasimama mbele ya Fébronie aliyeziba masikio na kufumba macho.

"Mumuangalie mama Fébronie," akasema kwa upole. "Muone vile anatulia."

Marthe akageuka kumwangalia. Koo la rafiki yake halikutikisika hata kidogo. Hakuwa akivuma.

Alingoja Rosette apite, kisha akamgusa goti. Fébronie akafumbua macho.

"Anakuja?" Marthe aliuliza kwa midomo tu.

Fébronie akatikisa kichwa. Bado. Akafumba macho tena.

Marthe angeweza kumwita Rosette. Kwa muda alifikiria kufanya hivyo, mkono ungali gotini pa mwenzake. Halafu akaukatiza mvumo wake mwenyewe na kukaa kimya, ili angalau upande ule wa benchi pasiwe na kelele.