Posa ya Rola

Usiku wa kuamkia leo nimeota rola kubwa la kinu cha miwa, lile pipa la chuma linalozunguka na kukamua, linaposwa, na mshenga ni mimi.

Sikushangaa. Jana kutwa nilijaribu vihisi vitatu vya kupimia umbali juu ya meza ya ofisini, pakavu, feni ikipuliza, na vyote vilipatia. Leo Injinia Mwaibula anataka nimtajie kimoja cha kumlinda rola, kipige kelele akisogelea ukuta. Nikikosea, rola atasaga ukuta wa kinu, kiwanda kisimame, miwa ichachie kwenye matrela.

Basi tuko sebuleni. Rola amejitanda kanga, anazunguka taratibu. Shangazi yake, boila la mvuke, amejaa kochi zima.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Zawena. Wachumba wako waseme binti yuko umbali gani. Wasimguse. Anayegusa kabla ya ndoa, tunamkamua pamoja na miwa."

Kihisi cha mwanga kinatangulia, suti imenyooka. Shangazi anashusha pumzi. Sebule inageuka kinu: mvuke umetanda, maji ya miwa yanaruka, makapi yanatuingia masikioni.

"Yuko hapa hapa puani!" kinasema.

"Huo mvuke wangu, baba. Umeniposa mimi."

Kihisi cha sauti kinapiga mlio, kinasubiri mwangwi. Mwangwi unazurura kwenye joto, unarudi unahema.

"Nadhani... yuko mbali kidogo. Au alikuwa."

"Huyu atanizeeshea binti. Mwingine!"

Kihisi cha sumaku, kifupi, kinachuruzika maji ya miwa na hakijifuti.

"Wewe, mvuke huuoni?"

"Mvuke ndio nini, shangazi? Mimi naona chuma tu. Binti yuko milimita mbili. Sasa moja na nusu. Anacheza huyu!"

Rola anacheka mpaka makapi yanamdondoka.

"Ila nisogezeni karibu," kinaongeza. "Wa mbali simuwezi."

"Mchumba anayejijua! Haya, hina!" Shangazi anapiga kigelegele, vioo vinatikisika, anakipaka hina kichwani.

Wale wawili wananirukia: "Mshenga, si mezani tulishinda wote?"

"Kwani mlikuja kuposa meza?" anauliza shangazi.

King'ora cha kiwanda kikaniamsha. Nikafungua mkoba wenye vihisi. Vihisi viwili vilikuwa vikavu. Cha sumaku kilikuwa na hina kichwani, bado mbichi.

Sikuifuta. Nampelekea Injinia hivyo hivyo. Bwana harusi hafutwi hina siku ya ndoa.