Kidole cha Kukwangua

Kidole changu cha shahada kilianza kunuka kuliko matumbo tunayoosha.

Mfupa wa mbuzi ulikuwa umenichoma. Kwenye chumba cha nyuma ya bucha, tunakooshea matumbo, kitu kichafu kina dawa moja tu: unakikwangua mpaka kiwe cheupe. Shangazi, mwenye kazi hiyo, akaona hata kidonda kinatibiwa hivyo hivyo. Kila jioni alinikalisha kwenye ndoo iliyofunikwa, akakamua usaha, halafu akakwangua kwa kisu kile kile cha utumbo. Usaha ulikuwa wa njano, mzito, unavutika. Nilitapika.

"Mwosha mavi anaogopa usaha wake mwenyewe!" alicheka.

Sikuweza kumkatalia. Mtu akinipandishia sauti, maneno yote hunikimbia.

Kidole kilipokuwa cheusi kama ndizi iliyooza, nilikwenda zahanati. Muuguzi alifungua kitambaa, akageuza uso.

"Nani anakwangua hapa?"

Nikauvuta mkono, akaushika tena.

"Mdogo wangu, ukiendelea hivi kitakatwa. Huu usaha ni maiti za askari wa mwili waliokuja na damu. Lakini wapo askari wenyeji, wanaokaa humu humu kwenye ngozi na nyama. Kuna wanaopiga kelele kuita wenzao, ndipo panawasha na kuvimba. Kuna wanaomeza maiti na uchafu, na kuandaa mahali pa nyama mpya. Wengine wanakumbuka adui wa zamani. Ini lina askari wake, mapafu pia. Wewe unawakwangua pamoja na nyama inayoota."

"Na utumboni?" niliuliza polepole.

"Huko ndiko wamejaa. Sehemu nyingine wamerundikana mpaka unawaona kwa macho, kama vinundu bapa."

Nikaziba mdomo. Vile vinundu! Vinateleza kama makamasi, na ndivyo vya kwanza kukwanguliwa. Shangazi husema ni ugonjwa wa ng'ombe. Kumbe na mimi ninavyo tumboni, na ndivyo vinanilinda.

Muuguzi alikipasua kidole, akakiosha, akanipa vidonge. Akasema: osha, funga, basi.

Jioni shangazi alichukua kisu. "Lete mkono, bibi harusi."

Nikauficha kwapani. "Sitaki, shangazi."

"Unasemaje?"

"Humu kuna wanaokula huo uchafu. Waache wale."

Akarudi nyuma. "Wanakula? Kidoleni? Una funza wewe!"

"Si funza. Ni wangu."

Alitema mate. "Basi kaa nao huko, usiniguse matumbo yangu!"

Akanihamishia kufagia uani. Kidonda kiliwasha hadi nikauma shuka, lakini sikukikuna. Nilipokuwa nafungua bandeji siku moja, ukucha ulibaki ndani yake, mweusi, na kipande cha ngozi iliyooza. Chini yake palikuwa na nyama nyekundu, laini, kama ufizi wa mtoto.

Niliutupa ukucha chooni nikatapika tena. Kidole kilibaki.